Risasi za Idi katika Mji wa Ibra

Nilifika Ibra, mashariki ya Oman, mwaka 1975, nikiwa kijana wa Unguja. Kwetu bunduki ilikuwa kitu cha askari. Ibra nilikuta kila mzee wa heshima ana yake ukutani, na nyingi zilikuwa za aina moja: Martini-Henry, ambayo wenyeji huiita sam'a. Jeshi la Uingereza liliipokea bunduki hiyo mwaka 1871 na kuanza kuiacha mwaka 1888. Ya Ami, ndugu wa baba yangu, ilikuwa na chapa ya taji na herufi V.R. za Malkia Victoria. Ilikuwa bado inapigwa kila Idi.

Zilifika huko kwa biashara. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 ulibana uingizaji wa silaha katika sehemu kubwa ya Afrika, na biashara ile ikastawi Muscat. Shehena zilivushwa hadi pwani ya Makran, zikapanda mpaka Afghanistan. Waingereza wakaleta manowari kuzizuia, na mwaka 1912 Sultan Faisal bin Turki akaweka ghala moja ambamo kila bunduki ilipaswa kupitia. Lakini nyingi zilikuwa zimeshaingia bara juu ya migongo ya ngamia. Wazee wa Ibra walizirithi pamoja na mitende na zamu za maji ya mfereji wa falaji.

Risasi zake hazikurithika. Risasi ya kwanza ya Martini ilikuwa na ganda la bati jembamba la shaba lililoviringwa, ambalo lilipopata joto lilibonyea na kukwama. Askari wa Kiingereza walilijua hilo vizuri kule Sudan mwaka 1885. Baadaye yakaja maganda ya shaba nzima, mapana chini, membamba shingoni. Ndani yake baruti nyeusi gramu 5.5, juu yake kichwa cha gramu 31, ambacho hutoka kwa kasi ya mita 410 hivi kwa sekunde. Ami alikuwa na maganda hayo katika mfuko wa ngozi. Hakuna duka lililoyauza tena, kwa hiyo aliyahesabu kabla na baada ya kupiga, na likipotea moja watoto wote walitumwa kulitafuta mchangani.

Mimi nikawa mtu wake wa mkono.

Kazi ilianza siku kadhaa kabla ya Idi. Maganda yalioshwa kwa maji ya moto na ukwaju mpaka yakang'aa, kisha akayasimamisha ndani ya sinia la maji na kupasha shingo zake moto mpaka rangi ikageuka, akayaangusha majini. Shaba inayokunjwa na kupanuka mara nyingi huwa ngumu na kupasuka, moto huilainisha. Maji yale yalilinda kitako cha ganda kisipate joto, kwa sababu kitako kikilegea, moto wa baruti utamrudia mpigaji usoni.

Ugumu wenyewe ulikuwa kwenye kichwa. Kalibu aliyokuwa nayo Ami haikuwa ya Martini. Aliinunua soko la Matrah, ya bunduki nyingine yenye mtutu mwembamba kidogo, kwani ya Martini hakuipata. Mtu mwingine angemimina vichwa na kuvipiga hivyo hivyo, navyo vingetoka vikiyumba na kufika shabahani kwa ubavu. Ami alichukua donge la risasi laini, akalipaka mafuta ya kondoo, akalisukuma polepole kwa ufito kutoka mwanzo wa mtutu hadi mwisho. Likatoka limechorwa mifuo yote 7 ya ndani. Akanipeleka kwa fundi wa gereji mwenye kipimio cha vyuma, tukapima donge, tukapima na kichwa kilichotoka kwenye kalibu. Tofauti baina ya viwili hivyo ndiyo iliyokuwa kazi yetu.

"Ami, si imeandikwa kwenye vitabu kipenyo chake?" nilimuuliza.

"Imeandikwa ya bunduki mpya, mwanangu. Hii imeliwa na miaka mia. Uliza mtutu, usiulize kitabu."

Madini yenyewe aliyatoa kwa wavuvi wa Sur. Machubwi yao ya nyavu yalikuwa risasi safi, laini, inayochorwa kwa ukucha. Gereji walitupa bure vile vipande vya kusawazisha magurudumu, naye akavikataa, kwa sababu vina mchanganyiko unaovifanya vigumu. Kichwa laini, baruti inapolipuka nyuma yake, hutanuka na kujaza mifuo ya mtutu. Kigumu hupita bila kuishika. Waingereza kiwandani walichanganya sehemu 12 za risasi na 1 ya bati, na Ami naye alitia bati kidogo, kwa jicho.

Pengo lililobaki tulilijaza kwa karatasi. Hilo halikuwa jambo la kubuni, maana hata kichwa cha asili cha Martini kilivishwa karatasi. Ila yetu ilitakiwa iwe nyembamba, imara, na iongezwe mzunguko mpaka kipimo kitimie. Iliyofaa kuliko zote ni karatasi ya barua za ndege, na barua hizo zilikuwa zetu, zilizotoka kwa jamaa Unguja na Dar es Salaam. Ami alizisoma tena kwanza. Kisha alikata sehemu ya juu yenye Bismillahi na kila mahali palipoandikwa jina la Mwenyezi Mungu, akaweka vipande hivyo kando vichomwe kwa heshima. Yaliyosalia, habari za mavuno ya karafuu na nani kaoa nani, tuliyakata vipande, tukayalowesha na kuyaviringisha kwenye vichwa kimoja kimoja, tukayaacha yakauke na kubana. Nimeona ufundi mwingi tangu wakati ule, na bado sijaona mikono iliyotulia kama ile.

Baruti ilikuwa nyeusi ya shura, salfa na makaa, na ililazimu ganda lijae bila kuacha nafasi ya hewa. Juu yake kipande cha kadi, kisha nta ya nyuki ya kulainisha masizi, kisha kichwa. Fataki za kuwashia baruti zilikuwa mpya daima. Wapo waliozinyoosha zilizokwisha kupigwa na kuzijaza upya, naye hakuwaruhusu kusimama karibu naye.

Ami alikuwa na haki ya kuogopa risasi zilizojazwa ovyo. Idi moja kijana wa mtaa wa pili alikuja na risasi alizojaza mwenyewe, tena kwa haraka. Hakutumia baruti nyeusi. Alifungua risasi za bunduki ya kisasa akatoa unga wake usio na moshi, akaujaza kwa ujazo ule ule wa baruti nyeusi. Unga huo hutoa mgandamizo mkubwa mno ambao chuma cha zamani hakikuumbwa kuubeba. Ganda lilipasuka nyuma. Alipona, lakini vidole viwili vya mkono wa kulia havikukunjika tena. Baba yake aliiondoa bunduki ukutani siku ile ile.

Ya Ami ilipiga. Moshi mweupe ulijaa bonde, ngoma ya razha ikasimama, na baada ya muda tukasikia risasi ikigonga jiwe la shabaha. Jioni tuliumiminia mtutu maji yanayochemka, maana masizi ya baruti nyeusi huvuta unyevu na chuma hushika kutu usiku mmoja tu.

Siku hizi najua kwamba Uingereza na Marekani wapo wapenzi wa bunduki hizi wanaounda maganda yake upya kutokana na maganda ya shaba ya bunduki ya marisau namba 24. Najua pia kwamba si kila sam'a ilitoka Uingereza: nyingine zilighushiwa na mafundi wa mpakani mwa Afghanistan, chapa ya taji ikiwa imekosewa herufi, chuma chake hakiaminiki kabisa.

Kwa hiyo nawaomba ndugu zangu mlio na sam'a nyumbani, Oman au kwingineko: msiipige kwa kuwa babu aliipiga. Ipelekeni kwanza kwa fundi anayejua, apime mtutu na chuma chake, na unga wa kisasa usiiguse. Na kama bado mna mzee anayejua kuzitengeneza risasi zake, kaeni naye mwaka huu mwandike kila kipimo. Ami alifariki bila kuandika chochote, na haya niliyoyaandika ndiyo yote niliyoyashika.