Jinsi Tulivyoifufua Injini ya Lori la Baba

Mimi ni karani wa serikali, wala si fundi. Kazi yangu ni faili, mihuri na hesabu, na mpaka miaka michache iliyopita sikujua tofauti ya ringi na beringi. Lakini mwaka 2022 nilikaa Jumamosi kumi na moja katika karakana moja ya Voi, nguo zangu zimeloa mafuta machafu, kwa ajili ya lori alilotuachia marehemu baba yetu. Nataka kuwaeleza wasomaji yaliyonipata huko, hasa wale wenye lori au trekta ambao wanatamani kuiongezea injini nguvu.

Lori lenyewe ni Isuzu, na injini yake ni ya dizeli, namna iitwayo 6BD1. Ina silinda sita. Kila moja ina upana wa milimita 102 na mwendo wa pistoni wa milimita 118, jumla yapata lita 5.8. Haina turbo, hewa yake huivuta yenyewe. Baba alilinunua mwaka 2003 likiwa limekwisha kutumika, na kwa lori hilo alichukua kabichi na nyanya kutoka Wundanyi na Werugha hata soko la Kongowea, Mombasa, akarudi na saruji, mabati na mbolea. Karo yangu katika shule ya misheni ilitoka humo. Alipofariki mwaka 2016, mdogo wangu alishika usukani, nami nikashika daftari.

Aijuaye njia hiyo aijua na taabu yake. Kutoka Mombasa gari hupanda polepole kupita Mariakani, Mackinnon Road na Maungu, katika nyika yenye joto kali, hata Voi, yapata mita 600 juu ya bahari. Kisha ni Mwatate, na baada ya Mwatate barabara huanza kupinda na kuparamia milima mpaka Wundanyi, yapata mita 1,400. Huko juu hewa ni nyepesi kuliko ya pwani kwa zaidi ya sehemu moja katika kumi, na injini isiyo na turbo hupungukiwa na nguvu kwa kadiri hiyo, palepale inapozihitaji zaidi.

Mwaka 2020 nilichoka kusikia kwamba malori ya wenzetu yanatupita mlimani. Nikamwendea fundi mmoja, nikamwambia atufungulie pampu ya dizeli. Alikata lakiri, akazungusha skrubu, na kweli lori likapata mbio. Moshi mweusi ukawa unatoka kama wa tanuri, lakini mimi niliuona kuwa ndio dalili ya nguvu. Mdogo wangu alinisihi, akasema, "Kaka, gari hili halina njaa ya dizeli. Linachemsha." Nikamjibu kwamba kazi ya dereva ni kuendesha.

Basi, Jumamosi moja ya Novemba 2021, likiwa na mifuko 140 ya saruji, injini ilikwama katika kona za juu ya Mwatate. Mvuke ulijaa ndani hata dereva asione mbele. Utingo aliruka akatia mawe nyuma ya magurudumu, na kwa rehema ya Mungu lori halikurudi nyuma. Waliokuwa kwenye matatu iliyowafuata waliniambia habari hiyo kabla mdogo wangu hajafika nyumbani. Na alipofika, badala ya kumpa pole, nilisema mbele ya mama kwamba ameiua mali ya baba.

Lori lilivutwa mpaka Voi, kwa mzee mmoja aliyejifunza ufundi katika karakana ya shamba la mkonge. Tulimwita Mghosi, kama sisi Wataita tuwaitavyo wazee wetu kwa heshima. Nilimwendea na shauri langu tayari: kwa kuwa injini inafunguliwa, basi tuifunge na turbo, tumalize udhia.

Mghosi hakunicheka. Alichukua chaki, akaniandikia juu ya mlango wa karakana. Dizeli, alisema, haiwashwi kwa cheche. Huwaka kwa joto la hewa iliyoshindiliwa. Kiasi fulani cha hewa huweza kuunguza kiasi fulani cha dizeli, basi. Ukiongeza dizeli bila kuongeza hewa, kinachozidi hutoka kuwa moshi mweusi, na joto lake huzichoma pistoni na vali kabla ya kutoka. Turbo huongeza hewa: moshi unaotoka huzungusha gurudumu dogo, na gurudumu hilo husukuma hewa ndani. Jambo hilo si geni, maana Mswisi Alfred Büchi alilipatia hataza mwaka 1905. Hata Isuzu waliitengeneza 6BD1 yenye turbo. Lakini injini iliyoundwa kwa turbo hupewa pistoni zake, na vijito vya mafuta vya kuzipoza kutoka chini. "Mwanangu, hii yako ni mgonjwa," alisema. "Humtwiki mgonjwa gunia la pili. Kwanza tupime."

Tukapima. Mimi nilipewa kazi ya kuandika, kwa kuwa hiyo niliiweza. Nilijifunza kwamba kila kifuniko cha beringi za krenkshafti kina namba yake, nacho hakina budi kurudi mahali pake na kwa upande wake, sawasawa na faili katika kabati. Jambo hilo lilinipendeza mno. Silinda ya tano na ya sita, zilizo nyuma kabisa, mbali na pampu ya maji, ndizo zilizoumia kuliko zote. Pistoni zake zilikuwa zimekwaruzwa toka juu hata chini, na ringi zimeng'ang'ania katika mifereji yake. Mghosi alipochokora mapito ya maji, yalitoka magamba meupe, manene kama ukucha. Ndiyo chumvi ya maji ya kisima. Kisha akafungua nyumba ya themostati, akaikuta tupu.

Labda si kila msomaji ajuaye kazi ya kitu hicho. Ni kilango kidogo kinachofunguka kwa joto. Injini ikiwa baridi, maji huzunguka kwa njia fupi. Ikipata moto, katika injini nyingi za namna hii, kilango huiziba njia fupi na kuyapeleka maji yote kwenye rejeta. Ukikitoa, njia fupi hubaki wazi siku zote, na sehemu ya maji hurudi ndani yakiwa na moto wake. Mafundi wengi hukitupa wakisema kwamba nchi ya joto haikihitaji.

"Nani aliitoa?" Mghosi aliuliza. Sikujibu siku hiyo. Usiku nilifungua daftari langu. Huko niliyakuta yote kwa mwandiko wangu mwenyewe. Themostati: imetolewa, hakuna gharama. Maji: ya kisima, hakuna gharama. Na mara tatu, kwa miezi mbalimbali, mdogo wangu alikuwa ameomba rejeta izibuliwe, nami mara tatu nimeandika mbele yake neno moja: ingoje.

Jumamosi iliyofuata nilimwonyesha kurasa hizo, sisi wawili tumesimama penye lango la karakana. Alizisoma zote. Akasema, "Haya, kaka, tukamalize kazi." Kwa mama nilikwenda peke yangu jioni ile.

Matengenezo yalitugharimu shilingi 386,000, na sehemu kubwa ilitoka katika mkopo wa chama cha akiba ambao naulipa hata sasa. Tulitia laina mpya sita, pistoni na ringi zake. Krenkshafti ilisagwa Mombasa ikapewa beringi za saizi yake. Silinda hedi ilijaribiwa kwa maji ya shinikizo ikaonekana haina ufa. Pampu na injekta zilipimwa katika mashine, dizeli ikarudishwa katika kipimo cha kiwanda, na lakiri mpya ikatiwa. Nyongeza yetu ilikuwa mahali pengine: rejeta yenye safu nne za mirija badala ya tatu, themostati mpya, saa ya joto inayosema kweli, king'ora cha maji yakipungua, na chujio la pili la kutenga maji na dizeli. Kisima tumekiacha, sasa hutiwa maji safi yaliyochanganywa na dawa ya kuzuia kutu.

Nilidhani injini mpya yataka kubembelezwa, niiache ingurume bure uani kutwa nzima. Mghosi alinikataza. Alisema ringi mpya hukaa vizuri zikisukumwa na kazi ya kiasi. Zikiachwa zinguruma bila mzigo, kuta za silinda hung'aa kama kioo, na mafuta hupita daima. Basi safari za kwanza zilikuwa na nusu ya mzigo, na mafuta yakabadilishwa mapema.

Malori yenye turbo bado yanatupita katika kona za juu ya Mwatate, nami sitaficha kwamba roho huniuma kidogo. Lakini moshi mweusi umekwisha, na safari ya kwenda Mombasa na kurudi inatumia lita saba pungufu kuliko zamani. Daftari lina safu mpya, ambayo mdogo wangu huijaza mwenyewe: joto la maji pale kona ya mwisho. Juzi alipanda na saruji mifuko 140, saa nane za mchana, jua kali. Ameandika nyuzi 86, na chini yake ameniandikia kwamba mkanda wa feni umeanza kuchanika. Nimeununua leo asubuhi.