Kupanda kwa Pumzi

Kwetu Bukavu barabara tambarare ni haba. Mwaka jana nilikimbia kilometa 10 kwa dakika 52. Safari hii nilitaka 50. Tulipoanza kupanda mlima, vijana wengi walinipita. Nikakumbuka mbio za Boston za mwaka 1936. John Kelley alimfukuza Ellison Brown mpaka vilimani, akamfikia, akampiga bega kirafiki. Brown akapata moyo upya, akashinda. Kelley akachoka, akawa wa tano. Basi nikafupisha hatua, nikafuata pumzi yangu, si migongo ya wenzangu. Kufika juu, miguu ilikuwa ingali na nguvu. Nikamaliza kwa dakika 50 na sekunde 20. Mwenye kushindana na saa yake asishindane na kila apitaye.