Kobe Aliyelala Wiki Tano

Je, mwanafunzi, umewahi kumwona kobe akilala? Jioni huingiza kichwa na miguu ndani ya gamba lake, akatulia mpaka jua litokapo. Lakini ungefanya nini kama kobe wako angelala leo, akalala kesho, na wiki nzima ikapita bila kuamka? Jambo hilo lilinipata mimi. Nitakusimulia lilivyokuwa, ili wewe usitende kosa nililolitenda.

Mwaka 1991 nilikuwa darasa la tano, kama wewe. Kwetu ni Marangu, kwenye miteremko ya Mlima Kilimanjaro. Mwezi wa Machi mjomba wangu alitoka shambani kwake Kahe, katika tambarare zilizo chini ya mji wa Moshi, akatuletea kobe wawili ndani ya gunia. Magamba yao yalikuwa ya manjano yenye madoa meusi. Mkubwa tulimwita Babu. Mdogo alienea katika viganja vyangu viwili, tukamwita Toto. Tuliwaweka kihambani, kati ya migomba na mibuni. Kila asubuhi walitoka kuota jua, kisha wakaanza kula majani.

Mwezi wa Juni kipupwe kikaingia. Ukungu ulishuka kutoka msituni, manyunyu yakanyesha, na jua likafichika siku nyingi mfululizo. Kobe wetu wakakataa chakula. Kisha wakajificha chini ya majani makavu ya migomba, wasitoke tena. Wiki ya pili nilimtoa Toto, nikamgusa mguu. Hakuurudisha ndani. Gamba lake lilikuwa baridi kama jiwe la mtoni. Jirani mmoja akamtazama, akasema, "Huyo amekwisha kufa. Mzikeni kabla hajaoza." Nami, bila kuuliza wala kuchunguza zaidi, nikachimba shimo kando ya mfereji, nikamzika.

Siku tatu baadaye nilimkuta Babu naye yu vilevile. Nikachukua jembe. Bibi yangu alikuwa akipalia karibu nami.

"Mjukuu wangu, wachimba nini?" akaniuliza.

"Namzika kobe, Bibi. Amekufa."

"Je, ananuka?"

"Hapana, Bibi."

"Inzi wamemfuata? Siafu wamemgusa?"

"Hapana, Bibi."

"Basi umejuaje kuwa amekufa?"

Sikuwa na jibu. Bibi hakupata kusoma shule, lakini maswali yake yalikuwa maswali ya sayansi.

Tulimweka Babu katika kikapu chenye majani makavu, ndani ya ghala, mahali pasipo na unyevu. Nilitaka kumsogeza jikoni karibu na moto, lakini Bibi akanikataza. Alisema kwamba mwili uliopoa haufai kupashwa moto kwa ghafla. Mwalimu wangu wa sayansi aliniazima kipimajoto. Kila siku nilipima halijoto ya hewa saa moja asubuhi na saa nane mchana, nikaandika katika daftari. Asubuhi nyingi zilikuwa nyuzi 12 au 13 za sentigredi. Mchana wa mawingu haukupita nyuzi 18. Siku zote hizo Babu hakuamka.

Katikati ya mwezi wa Julai, wiki tano tangu alipojificha, mawingu yalitawanyika. Saa nane mchana kipimajoto kilionyesha nyuzi 24. Nilimtoa Babu, nikamweka juani. Muda wa saa nzima ulipita. Kisha pua ikachungulia, jicho moja likafunguka, na mguu ukasukuma majani. Nilipiga kelele kwa furaha. Papo hapo nikamkumbuka Toto.

Nilikimbia mpaka mferejini, nikafukua kwa mikono. Toto alikuwa amekufa. Je, alikufa kabla sijamzika, au baada ya kumzika? Hata leo siwezi kukujibu. Mtu pekee aliyekuwa na nafasi ya kulichunguza jambo hilo kwa wakati wake alikuwa mimi, nami sikulichunguza.

Sasa tujiulize: kwa nini Babu alilala muda mrefu hivyo? Mwili wako una joto la nyuzi 37 hivi, na mwili wa kuku una nyuzi 41 hivi. Joto hilo hutoka katika chakula kinachotumika mwilini, nalo halibadiliki sana hata hewa ikiwa baridi. Kobe, mjusi, kinyonga na nyoka hawako hivyo. Wao hupata joto lao kutoka nje, hasa kwenye jua. Hewa ikipoa, miili yao nayo hupoa. Moyo hupiga polepole, pumzi huwa chache, na chakula hakisagiki vizuri tumboni. Ndiyo sababu kobe hukataa kula kabla ya kulala.

Mlima nao ulikuwa na sehemu yake. Kila tupandapo mita 100, halijoto hupungua kwa zaidi kidogo ya nusu nyuzi. Marangu iko juu kuliko Kahe kwa mita 700 hivi. Basi mjomba alipowapandisha kobe wale, aliwaondolea nyuzi zipatazo nne za joto, na ukungu ukawanyima jua.

Wako wanyama wengine walalao hivyo. Huko Australia yuko mjusi mwenye ndevu za miiba, ambaye hujificha wakati wa baridi, nayo baridi yao huja miezi ileile ya kipupwe chetu. Kamongo wa maziwa yetu hulala kwa sababu nyingine: dimbwi likikauka, hujifukia matopeni akangoja mvua. Lakini kobe wa tambarare hakuumbiwa baridi yenye unyevu. Akikaa humo muda mrefu, huweza kuugua mapafu.

Mwezi wa Agosti mjomba alimrudisha Babu Kahe. Nilimsindikiza. Tulipomweka chini penye nyasi, hakungoja hata kidogo. Alikwenda zake bila kugeuka nyuma. Siku hizi sheria hairuhusu mtu kufuga mnyama wa porini bila kibali. Ukimwona kobe, mchunguze pale alipo, kisha mwache aende.

Maswali na kazi ya kufanya

1. Taja dalili tatu ambazo Bibi alizitumia kuchunguza kama kobe alikuwa amekufa.
2. Kwa nini kuku hutafuta chakula asubuhi ya baridi, na mjusi hungoja jua?
3. Kwa muda wa siku saba, pima halijoto ya hewa asubuhi na mchana. Kila mara hesabu mijusi uwaonao kwenye ukuta wa shule. Andika matokeo yako kwenye jedwali. Unaona nini?