Mazungumzo na Wakubwa wa Kisumu

Mgeni afikaye Kisumu kwa mara ya kwanza huambiwa aende upesi akatazame ziwa. Shauri hilo si baya, lakini safari hii mimi sikwenda kutazama maji. Nilikwenda kusema na watu, na hasa wale ambao majina yao hayamo katika ofisi yo yote ya serikali, lakini jambo likitokea usiku, mlango wao ndio ugongwao kwanza.

Mji wenyewe si wa kale sana. Reli itokayo Mombasa ilifika hapa tarehe 20 Desemba 1901, na mahali pakaitwa Port Florence, kwa jina la Florence Preston, mke wa msimamizi wa kazi ya kutandika reli. Siku hizo upande huu ulikuwa ungali chini ya Uganda, ukahamishwa mwaka 1902 kutiwa katika nchi ambayo baadaye iliitwa Kenya. Mwaka 2001, mji ulipotimiza miaka mia, ulitangazwa kuwa jiji. Wazee niliozungumza nao bado husema "mjini" tu, nami sikuona sababu ya kuwasahihisha.

Nilianzia mtaa wa Kaloleni, kwa mzee mmoja Mwislamu ambaye babu yake alikuja na kazi ya reli, asirudi tena pwani. Kiswahili chake ni safi, na Kijaluo chake, naambiwa, hakina kasoro. Aliniketisha barazani, akaagiza chai, kisha akaleta madaftari matatu ya shule yaliyochakaa pembeni. Ndani yake mna michango ya mazishi ya mtaa: jina, tarehe na shilingi alizotoa mtu. Mtu wa msikitini na mtu wa kanisani wamo katika ukurasa mmoja.

"Mtu akifiwa, mimi hufungua daftari," alisema. "Asiyetoa hatumtangazi. Lakini ajua ya kuwa limeandikwa."

Jioni akanipeleka kuona jumba la Ofafa. Ambrose Ofafa alikuwa diwani wa Nairobi, akauawa mwaka 1953, wakati wa hali ya hatari. Chama cha Luo Union kilikusanya fedha za Wajaluo waliotawanyika katika Afrika ya Mashariki, jumba likajengwa kuwa ukumbusho wake. Mwaka 1980 serikali iliamuru vyama vya makabila vivunjwe, na chama hicho kikaisha. Mzee aliutazama ukuta kwa muda, kisha akasema, "Chama walikivunja. Desturi ya kuchanga haikuvunjika." Nikayakumbuka yale madaftari.

Siku ya pili ilikuwa Jumapili, siku kubwa ya soko la Kibuye, nami sishauri mtu ye yote kuingia humo akiwa na haraka. Nguo za mitumba, vitanda, kuku, mahindi, sufuria. Yote hutandazwa mpaka njia yenyewe ikapotea. Mama niliyemtafuta nilimkuta nyuma ya fungu la omena, yaani dagaa, akiuza huku akiamua ugomvi wa wanawake wawili juu ya mpaka wa meza zao. Yeye ndiye mkubwa wa chama chao cha akiba.

Nilimwuliza ni nani aliyemfundisha kusema mbele za watu. Akacheka. Alikuwa mtoto wa shule mwaka 1965, wakati Mama Grace Onyango, aliyekuwa mwalimu, alipofanywa Meya wa Kisumu, wa kwanza miongoni mwa wanawake wa Kiafrika katika Kenya. Mwaka 1969 Mama huyo akachaguliwa kuingia Bungeni, na huko pia hakuna mwanamke aliyechaguliwa kabla yake. "Baba yangu alisema mambo hayo hayatadumu," alisema. "Mama Grace alifariki mwaka 2023, na baba hakuishi kuona ni nani aliyesema kweli."

Kisha uso wake ukabadilika. Aliniuliza nitakwenda wapi baada ya hapo. Nikamwambia, Dunga, kwa wavuvi. "Basi mwulize mwenyekiti wao habari za wavu wa mpwa wake. Wavu ule ulinunuliwa kwa fedha zetu."

Dunga ni kijiji cha wavuvi kusini mwa mji, penye mafunjo marefu. Mwenyekiti wa kamati ya ufuko nilimkuta chini ya mti, mtu mwembamba asemaye polepole. Alinieleza kwanza habari za ziwa. Sangara walitiwa ziwani katika miaka ya 1950, na samaki wengi wa asili wakaliwa. Baadaye likaja gugumaji, ambalo upepo ukilileta ufukoni mitumbwi haitoki. Mwezi wa Mei 2020 maji yalipanda kupita hata kimo cha 1964, yakaingia majumbani. "Hayo yote hatuwezi kuyakamata," alisema. "Wavu wenye macho madogo tunaweza."

Ndipo nikamwuliza habari za mpwa wake. Alinyamaza hata nikadhani nimemkosea adabu.

Usiku mmoja kamati yake ilikuta kokoro likivutwa karibu na mafunjo, mahali ambapo ngege huzalia. Waliokuwa wakilivuta walikimbia, wakaliacha. Mwenyekiti alipoushika ule wavu, aliyatambua mafundo yake kwa vidole kabla taa haijaletwa, kwa kuwa ndiye aliyemfundisha mtoto wa dada yake kuyafunga. Na kwa Wajaluo mtoto wa dada, okewo, ana heshima yake ya pekee kwa wajomba zake. Wenzake walimwambia aulize moyo wake. Asubuhi wavu ulichomwa moto mbele ya watu wote, na kiberiti alikiwasha yeye.

Lakini fedha zilikuwa za akina mama wa Kibuye, nao walizitoa kwa nia njema, bila kuuliza ukubwa wa macho ya wavu. Wavu ukawa majivu, na deni likabaki. Mwenye chama cha akiba alidai haki yake, na mwenyekiti alikuwa ametimiza sheria. Mimi sioni nani kati yao alikosa. Mwishowe walimwita mzee wa Kaloleni, yule yule wa madaftari, ambaye kwangu hakutaja neno hilo hata kidogo. Yeye aliwasikiliza, akasema: mwenyekiti wa kamati hadaiwi kitu, lakini mjomba wa kijana na alipe nusu, na kijana amalize nusu iliyosalia. Mwenyekiti amekwisha kulipa. Akina mama nao sasa hawakopeshi fedha za wavu mpaka wameupima.

"Na dada yako?" niliuliza.

"Hajasema nami tangu siku ile. Hukaanga samaki pale." Alinionyesha kwa kidevu moshi uliokuwa ukipanda hatua hamsini hivi kutoka tulipoketi. "Kila siku namsalimu."

Mitumbwi ilianza kurudi, na katika mmojawapo alikuwamo kijana mrefu ambaye hakututazama. Mwenyekiti aliinuka, akachukua kijiti chake cha kupimia nyavu, akakunja suruali, akaingia majini kumpokea.