Pua ya Baba
Volkswagen Beetle ya baba, ya mwaka 1972, inanuka petroli, hasa tangi likiwa limejaa. Fundi alihangaika na kabureta, nyuma kwenye injini. Mimi nilianzia mbele: tangi la Beetle liko chini ya boneti, mbele tu ya miguu ya abiria. Nikaondoa kadibodi inayolifunika, nikapapasa mpira mwembamba unaotoa hewa ya tangi. Ulikuwa umepasuka chini ya klipu, mahali macho hayafiki. Mpira wenyewe ni bei ya chai na chapati.

“Mbona mimi sisikii kitu, mwanangu?” baba akauliza, ameinamia tangi kabisa.

Tangu augue Korona mwaka 2020 hasikii harufu yoyote. Pakiti yake ya sigara ilikuwa juu ya dashibodi, na kiberiti.