Kiti cha Vespa na Fundi wa Ng'ambo



Anayefika Unguja na kutoka Mji Mkongwe kwenda Ng'ambo kwa njia ya Darajani hupita nchi kavu pahala palipokuwa na maji. Zamani hapo uliingia mkono wa bahari, na daraja lililokuwapo ndilo lililopapa mahali hapo jina. Mkono ule ulifukiwa, jina limebaki. Ukiendelea kuelekea majumba marefu ya Michenzani, hukosi kusikia sauti ambayo wengi wetu tulio huku Muscat tumekua nayo: mlio wa vespa.

Vespa ni neno la Kitaliano, na maana yake ni nyigu. Kiwanda cha Piaggio kilianza kuiuza mwaka 1946, na aliyeibuni, mhandisi Corradino D'Ascanio, alikuwa bingwa wa mambo ya ndege. Kwetu imekuwa chombo cha mwalimu na karani, cha baba anayempeleka mwanawe chuoni na mama sokoni. Injini yake hufufuliwa mara nyingi. Kinachomwaibisha mwenyewe mbele ya watu ni kiti.

Jua la kaskazi huikausha reksini, ile ngozi ya bandia, hata ikakakamaa na kupasuka penye mshono. Masika yakiingia, ufa hunywa maji na sponji huyaweka. Mwenye chombo hukipangusa kiti, akakiona kikavu, akapanda na kanzu yake nyeupe ya Ijumaa. Hufika msikitini nyuma amelowa, tena kwa maji yenye rangi ya kutu.

Katika safari yangu ya mwisho nilikaa asubuhi nzima kwenye baraza ya fundi mmoja wa viti huko Ng'ambo. Alikuja kijana na vespa ya baba yake, mkononi ana kava jipya lililoshonwa tayari, alilotumiwa na ndugu zake walio nje. Lilikuwa zuri, linang'aa, lakini lilishonwa kwa kiti cha namna nyingine: mbele lilipwaya, nyuma halikufika. Kijana alikwisha kulichana kava la zamani, yu tayari kulitupa.

"Hilo lete hapa, mwanangu," fundi alimwambia. "Usiache mbachao kwa msala upitao. Hicho ndicho kipimo changu."

Akalifumua lile kuukuu mshono kwa mshono, akavitandaza vipande juu ya mgongo wa reksini mpya na kuvichora kwa chaki, akiacha upana wa kidole kwa ajili ya kushona. Sponji ilikamuliwa na kuanikwa juani. Sehemu iliyooza ilikatwa, ikatiwa kipande kipya kwa gundi. Fremu ya chuma ilisuguliwa kutu na kupakwa rangi. Kisha cherehani ikaanza kazi, kwa sindano nene na uzi wa nailoni, mishono miwili sambamba.

Kabla ya kuvisha, alifunika sponji kwa karatasi ya nailoni. Nilipouliza sababu, alinijibu kwamba kila tundu la sindano ni mlango wa maji, hata mshono uwe mzuri namna gani. Reksini nayo aliianika kidogo ipate kulainika. Ndipo yeye na mwanafunzi wake wakaivuta, kwanza mbele na nyuma, kisha ubavu kwa ubavu, wakikunja meno madogo ya fremu moja baada ya jingine yaishike pindo. Mwisho alikifunga kiti mahali pake, akakiinua na kukishusha mara kadhaa, kwani chini yake ndipo ulipo mdomo wa tangi la mafuta, na kiti kisichofungika vyema humtikisa abiria.

Ndugu zangu, nia ya kuwasaidia wazee wetu ni njema na ina malipo kwa Mola. Lakini kitu kilichoshonwa mbali hakikijui kiti kitakachokivaa. Anayetaka kutuma, na atume reksini nzuri ya kupimwa kwa mita, uzi imara, na ujira wa fundi. Hapo mzee atapata kiti kikavu, fundi atapata riziki, na yule mwanafunzi, aliyekuwa peke yake barazani pale, ataona sababu ya kuendelea kujifunza. Mkono wake ukiacha kazi hiyo, hata kipimo kikiwapo hatakuwapo wa kukisoma.

Na wenye vespa nyumbani waambieni waziegeshe kivulini, au wakitupie kiti kipande cha kanga kuukuu. Jua halina haraka, lakini halisahau.

Wabillahi tawfiq.