Mama Anapokuja Hamburg kwa Arobaini

Wengi wetu tunapomwalika mzazi huku Ulaya, nguvu zote huishia kwenye viza. Ikitoka tunashukuru Mungu, tunakata tiketi, tunanunua koti, tumemaliza. Mgeni akifika tunamkalisha kwenye kochi, tunamwashia televisheni asiyoielewa, na sisi tunakwenda kazini. Nimewaona mama za watu hapa Hamburg wamekaa miezi miwili hawajui hata duka la mkate liko upande gani. Wakirudi kwao wanasifu baridi na usafi wa barabara, maana kingine hawakukiona.

Kwangu mimi hilo lisingewezekana. Mama yangu, mwenye miaka 67, alikuja kutoka Tanga mwezi wa tano mwaka 2025 kunitazama kwenye uzazi wangu wa kwanza. Mume wangu anafanya kazi za zamu na likizo yake ilikuwa ya wiki mbili. Zikiisha, mtu mzima pekee wa kutoka nje kununua maziwa mchana, au kuomba msaada usiku, angekuwa Mama. Kijerumani hajui, na Kiingereza chake ni kile cha darasa la saba. Kwa hiyo habari zote nilizokusanya sikuziacha kwenye simu yangu. Niliziandika kwenye karatasi, herufi kubwa, Kiswahili, zikabandikwa kwenye friji na nakala zikakaa kwenye mkoba wake.

Nianze na za ubalozi, kwa ufupi. Viza ya Schengen ya matembezi inampa mgeni siku zisizozidi 90 ndani ya kila siku 180. Maombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari na yasichelewe siku 15 za mwisho. Ada ya mtu mzima ni euro 90. Bima ya safari lazima ifikie angalau euro 30,000. Isomeni bima hiyo vizuri, kwa sababu nyingi hazigusi maradhi ambayo mgeni amekuja nayo. Mama ana presha, hivyo alibeba dawa za miezi mitatu kamili pamoja na barua ya daktari wake, maana dawa za namna hiyo hapa huuziwi bila cheti cha daktari. Kwa Ujerumani mwenyeji anaweza pia kusaini hati ya kumdhamini mgeni, inayoitwa Verpflichtungserklärung, kwenye ofisi ya wageni ya mji wake. Unalipa euro 29 na kuonyesha mshahara wako. Si karatasi ya kusaini huku unacheka: gharama za mgeni wako, za matibabu pia, zinakuwa juu yako.

Mzigo ulituletea mvutano zaidi ya viza. Mama alitaka kuja na samli ya mzazi, chupa mbili, na maembe. Nikamwambia, "Mama, samli hairuhusiwi." Akanyamaza kwenye simu, kisha akauliza kama Wajerumani wanajua mzazi anakula nini. Sheria ya Umoja wa Ulaya ni kwamba nyama na vitu vya maziwa kutoka nje, kama kwetu, haviingii kwenye begi la msafiri. Matunda nayo yanahitaji cheti cha afya ya mimea, isipokuwa matano: nanasi, ndizi, nazi, tende na durian. Asali inaruhusiwa hadi kilo mbili, na samaki, hata mkavu, hadi kilo 20. Basi akaja na nazi sita, pilipili manga, mdalasini na papa mkavu aliyefungwa mara nne. Harufu yake ilifika ghorofa ya tatu kabla yake. Samli tulichemsha siagi ya dukani, akaionja na kusema itafaa.

Kwa mzazi anayesafiri peke yake na kubadilisha ndege, ombeni huduma ya kiti cha magurudumu mapema, angalau saa 48 kabla. Hailipiwi. Mama miguu yake ni mizima, anatembea kuliko mimi, lakini anayesukuma kile kiti anajua mlango wa ndege inayofuata uko wapi, na kwa asiyejua lugha huo ndio ulemavu wenyewe.

Jambo nililolipangia muda mrefu kuliko yote ni saa. Sisi tunahesabu tangu jua linapochomoza. Saa tatu asubuhi huku ni 9, na mchana hawasemi saa nane, wanaandika 14:00. Kwenye karatasi ya kwanza nilimchorea saa mbili, ya Tanga na ya Hamburg, na kanuni moja: toa sita, ikizidi kumi na mbili toa tena kumi na mbili. Treni ya 15:20 ni saa tisa na dakika ishirini. Nikamwonya pia juu ya mtego wa Wajerumani wenyewe, ambao wakisema "nusu tatu" wanamaanisha saa mbili na nusu, yaani nusu ya kuelekea tatu. Mama akaona hao nao wana mambo yao.

Kanuni hiyo ilimsaidia kwenye ratiba, lakini jua lilimshinda. Katikati ya Juni Hamburg jua linazama karibu saa nne usiku na kuchomoza kabla ya saa kumi na moja alfajiri. Magharibi inaingia wakati ambao Tanga watu wamelala. Wiki ya kwanza alikuwa hali chakula cha jioni, anangoja giza. Kama mzazi wako anakuja majira ya joto, mtafutie mapazia mazito na mchapishie ratiba ya sala ya mji wako. Desemba ni kinyume chake, saa kumi jioni tayari kiza. Na kibla nacho kinahama: Tanga tunaelekea kaskazini, hapa ni kusini-mashariki. Nilibandika mshale chumbani kwake, kwenye ukuta wa dirisha, kabla hajafika.

Usafiri. Treni za Hamburg hazina geti. Unaingia tu kama unaingia kwako. Mgeni anaweza kudhani ni bure, mpaka watokee watu wawili waliovaa kiraia na kuomba tiketi, na asiye nayo analipa euro 60. Nilimkatia Mama tiketi ya mwezi ya nchi nzima, Deutschlandticket, wakati ule ikiwa euro 58. Tangu Januari 2026 ni 63. Inafaa kwa mabasi, treni za mjini na treni za mikoani, ila si zile za kasi za masafa marefu. Inajirudia kila mwezi, kwa hiyo ikatisheni kabla ya tarehe kumi ya mwezi wa mwisho wa mgeni, la sivyo utaendelea kuilipia yuko kwake anakula muhogo.

Tiketi hiyo hiyo inapanda vivuko vya bandarini, na hapo ndipo Mama alipoipata Hamburg yake. Kivuko namba 62 kinatoka Landungsbrücken kwenda Finkenwerder, kikipita soko la samaki na ufukwe wa Övelgönne. Mume wangu alimpeleka mara mbili, ya tatu akaenda mwenyewe. Aliporudi aliniambia, "Mwanangu, ule si mto, ni bahari, nimeukuta umekupwa." Alikuwa sahihi kabisa. Hamburg iko kama kilomita 100 kutoka baharini, lakini maji ya mto Elbe yanajaa na kupwa hapa mjini kwa zaidi ya mita tatu. Nina miaka tisa hapa na sikuwahi kuangalia. Yeye tangu siku hiyo alikuwa anapanga safari zake kwa bamvua.

Karatasi ya duka ilikuwa na picha badala ya maneno, kwani maboksi ya maziwa na ya mtindi yanafanana. Hapo niliandika pia kwamba Jumapili maduka yamefungwa, isipokuwa ya stesheni na baadhi ya wauza mikate. Ni jambo la katiba, tangu ile ya mwaka 1919. Jumapili hakuna kutwanga kwenye kinu, wala baada ya saa nne usiku, jirani wa chini asije kugonga. Chupa za plastiki na makopo ya soda hazitupwi, kila moja ina senti 25 zako zinazorudishwa na mashine ya dukani. Mama aliipenda mashine ile kupita kiasi. Alikuwa anarudi na vocha mkononi kama mtu aliyepokea mshahara.

Karatasi ya mwisho niliiandika nikiomba isitumike. Ilikuwa na namba mbili. Ya kwanza 116117, daktari wa zamu kwa maradhi yasiyongoja asubuhi lakini si ya kufa na kupona. Ya pili 112, gari la wagonjwa na zimamoto, namba inayotumika nchi zote za Umoja wa Ulaya bila malipo. Angalieni jambo moja: Ujerumani simu isiyo na laini haipigi 112, kwa hiyo mnunulieni mgeni laini ya hapa au hakikisheni ya kwao inafanya kazi. Chini ya namba niliandika Kijerumani kwa matamshi yetu. Jina la mtaa na namba ya nyumba. Ghorofa ya tatu, dritta shtok. Binti yangu anatoka damu, maine tokhta blutet. Mtoto hapumui. Ameanguka. Tulifanya mazoezi jikoni, yeye akisoma, mimi nikijifanya mpokea simu mkali.

Siku ya kumi na saba ya uzazi, saa nane usiku, mume wangu akiwa kazini, niliamka kwenda chooni na damu ikashuka kama bomba. Nakumbuka vigae vya sakafu, sikumbuki kingine. Yaliyobaki nimeambiwa. Mama alimlaza mtoto kitandani katikati ya mito, akaitoa karatasi kwenye friji, akapiga. Yule wa upande wa pili aliuliza maswali ambayo hakuyaelewa. Yeye akasoma mtaa, namba, ghorofa, damu, kisha akaanza tena kutoka juu, mara tatu, bila kupandisha sauti. Halafu akashuka kufungua mlango wa chini na kuuzuia kwa kiatu, kwa kuwa hilo nalo liliandikwa. Hospitali waliniongeza damu chupa mbili na kunisafisha. Daktari alimwambia mume wangu kwamba kuchelewa kidogo tu kungekuwa habari nyingine.

Nilipotoka, mkunga aliyekuwa akija nyumbani, huduma ambayo bima ya afya hapa humpa kila mzazi, aliomba aione karatasi hiyo. Aliisoma kwa sauti, akacheka matamshi, kisha hakucheka tena.

Mama aliondoka mwezi wa nane, siku ya 84. Siku ya kuingia inahesabiwa na siku ya kutoka inahesabiwa, na nilimwachia siku sita za akiba kwa ajili ya ndege zinazoahirishwa. Yeye bado alipigiwa muhuri kwenye pasipoti. Tangu Oktoba 2025 umeanza kutumika mfumo wa kompyuta unaozihesabu siku wenyewe, kwa hiyo msitegemee afisa wa kusahau. Karatasi zangu za friji zipo Bremen sasa. Rafiki yangu huko anamngoja mama yake kutoka Lamu, na amebadilisha mtaa, namba ya nyumba na ghorofa.